TAA ZA INDIKETA ZA LED: SABABU ZA KUPEPESA OVYO NA NAMNA YA KUZIREKEBISHA
Maelezo kwa watumishi wanaokabidhiwa magari, madereva na wananchi

Madereva wengi wa magari na pikipiki, Bara na Visiwani, wameondoa balbu za zamani za indiketa na kuweka taa za LED zinazouzwa katika maduka ya spea. Mara baada ya kufanya hivyo, baadhi yao hukuta mambo wasiyoyatarajia: indiketa hupepesa kwa haraka mno, au hubaki zimewaka bila kupepesa, au za kushoto na za kulia huwaka kwa pamoja. Wapo wanaodhani kuwa taa walizonunua ni mbovu na kuzitupa. Wapo pia wanaoliacha gari liendelee hivyo hivyo, kwa hoja kwamba maadamu taa zinawaka, zinatosha. Kundi la kwanza hupoteza fedha. Kundi la pili huhatarisha maisha.

Maelezo haya yanaonesha jinsi indiketa inavyofanya kazi, kwa nini taa za LED huivuruga kazi hiyo, na hatua za kufuata ili kuipata hitilafu bila kubahatisha. Njia inayotoka Iringa kwenda Idodi imechukuliwa kuwa mfano, kwa kuwa mazingira yake huzipa taa za gari mtihani mkubwa.

NJIA YA IDODI NA SABABU YA KUBADILI TAA

Tarafa ya Idodi iko katika Wilaya ya Iringa, kwenye njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Barabara ya kutoka Iringa mjini hadi Msembe, yalipo makao ya hifadhi hiyo, ina urefu wa kilomita zipatazo 104. Huteremka kutoka nyanda za juu na kuingia bonde la Ruaha, na kwa miaka mingi sehemu yake kubwa imekuwa ya changarawe na udongo. Humo hupita magari ya watalii, malori ya mpunga, mabasi ya abiria, pikipiki na baiskeli, pamoja na mifugo na wanafunzi waendao kwa miguu.

Barabara ya namna hiyo huua balbu za kawaida. Ndani ya balbu ya zamani mna uzi mwembamba wa tangsteni unaong'aa ukipata moto. Gari linapopita juu ya matuta madogo ya changarawe, uzi huo hutikisika mfululizo hadi hukatika. Taa ya LED haina uzi. Mwanga wake hutoka katika kipande kigumu cha kitu kinachopitisha umeme upande mmoja tu, yaani diodi itoayo mwanga. LED ya kwanza yenye mwanga mwekundu unaoonekana ilitengenezwa na Nick Holonyak nchini Marekani mwaka 1962, na tangu hapo vifaa hivyo vimeboreshwa hadi kufaa kwa taa za magari. Huvumilia mtikisiko, hula umeme kidogo, na huwaka mara moja bila kuchelewa. Kwa hiyo dereva wa njia ya Idodi anayechagua LED hafanyi kosa. Tatizo ni kwamba gari lake, kama lilitengenezwa kwa ajili ya balbu za uzi, halijui kuwa taa zimebadilishwa.

INDIKETA INAVYOFANYA KAZI

Umeme wa indiketa hutoka katika betri, hupita kwenye fyuzi, kisha hufika katika kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita flasha. Flasha ndiyo inayoukata na kuuruhusu umeme ili taa zipepese. Kutoka hapo umeme huenda kwenye swichi ya usukani, ambayo huuelekeza kushoto au kulia. Baada ya kupita katika balbu, umeme hurudi kwenye betri kwa njia ya bodi ya gari. Njia hiyo ya kurudi ndiyo iitwayo ethi.

Flasha za zamani zilitumia ukanda wa metali mbili zilizoambatanishwa. Umeme ulipopita, ukanda ulipata joto, ukapinda na kukata njia. Ulipopoa, ulirudi mahali pake. Flasha ya aina hiyo huhitaji umeme wa kutosha ili ipate joto. Flasha za baadaye zilitumia vifaa vya kielektroniki, na nyingi kati yake hupima umeme unaokwenda kwenye taa. Balbu moja ikiungua, umeme hupungua, na flasha hupepesa kwa kasi inayokaribia mara mbili ya kawaida. Kasi hiyo iliwekwa kwa makusudi. Ni kengele ya kumwambia dereva aliyekaa mbele kwamba kuna taa iliyokufa asiyoiona.

Hesabu ndogo itafafanua jambo hili. Gari la volti 12 huwa na balbu mbili za wati 21 kila upande, moja mbele na moja nyuma, na mara nyingi balbu ndogo ya wati 5 ubavuni. Jumla ni wati 47, sawa na umeme wa karibu ampia 3.9. Dereva akiweka LED mbili za wati 3 na moja ya wati 1, jumla inakuwa wati 7, yaani karibu ampia 0.6. Flasha ya kielektroniki huona upungufu huo na kudhani kuwa balbu zimeungua, hivyo hupiga mbio. Flasha ya metali mbili haipati joto, hivyo taa hubaki zimewaka tu. Katika hali zote mbili, LED ni nzima na flasha ni nzima, ila havikuelewana.

Kanuni Na. 48 ya Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari, ambayo nchi nyingi huifuata, inaelekeza kuwa indiketa ipepese mara 90 kwa dakika, ikiruhusiwa kupungua hadi 60 au kuzidi hadi 120. Kipimo hicho kinamfaa hata mwananchi asiye na kifaa chochote, kwa kuwa saa ya mkononi inatosha kukihakiki.

HATUA ZA KUTAFUTA HITILAFU

Fundi au dereva anashauriwa kufuata hatua zifuatazo kwa utaratibu wake. Kuruka hatua ndiko kunakowafanya wengi wanunue vifaa wasivyovihitaji.

Hatua ya kwanza: Kuhesabu. Washa indiketa, hesabu mipepeso kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Fanya hivyo kwa upande wa kushoto, kwa upande wa kulia, na kwa hazadi. Andika matokeo. Ikiwa upande mmoja tu ndio unaokwenda mbio, huenda taa moja ya upande huo haipati umeme. Ikiwa pande zote mbili zinakwenda mbio lakini hazadi inapepesa sawasawa, basi sababu yaelekea kuwa uchache wa umeme unaotumika, kwani hazadi huwasha taa za pande zote na kuongeza matumizi.

Hatua ya pili: Kutazama. Mtu mmoja akae ndani na mwingine alizunguke gari. Kila taa itazamwe: ya mbele, ya ubavuni na ya nyuma. Taa iliyokufa kabisa isichanganywe na tatizo la kasi.

Hatua ya tatu: Kurudisha balbu za zamani. Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, nayo haina gharama. Ikiwa balbu za uzi zitarudishwa na indiketa zikapepesa vizuri, gari halina hitilafu. Kinachotakiwa ni kulipatanisha na LED. Ikiwa mbio zitaendelea hata kwa balbu za uzi, hitilafu ilikuwamo tangu awali, katika waya, soketi, ethi au flasha, na hakuna LED itakayoiondoa. Kwa sababu hiyo, balbu za zamani zisitupwe. Zihifadhiwe ndani ya gari pamoja na vifaa vya dharura.

Hatua ya nne: Kugeuza LED isiyowaka. LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Balbu zenye kitako bapa cha kuchomeka zinaweza kuingia kwa namna mbili, na namna moja huiacha taa ikiwa kimya. Ichomolewe, igeuzwe nusu duara, ichomekwe tena. Balbu zenye kitako cha mviringo na vipini viwili haziwezi kugeuzwa, lakini zina hatari nyingine: baadhi vina vipini vilivyoelekeana sawasawa, na baadhi vipini vimesogezwa upande kidogo, hasa kwa balbu za rangi ya machungwa. Balbu isiyoingia kwa urahisi isilazimishwe.

Hatua ya tano: Kupima ethi. Kutu na vumbi katika soketi hufanya njia ya kurudi iwe nyembamba. Dalili yake ni taa hafifu, au taa ya indiketa kung'aa kidogo dereva anapokanyaga breki, kwa kuwa umeme uliokosa njia yake hupita katika taa ya jirani. Kipimo kifanywe kwa mita ya umeme: ncha moja kwenye ethi ya soketi na nyingine kwenye terminali hasi ya betri, taa ikiwa imewaka. Mita ikionesha zaidi ya nusu volti, ethi si nzuri. Kipimo hicho kifanywe balbu ya uzi ikiwa ndani ya soketi. LED hula umeme mdogo mno kiasi cha kuficha ubovu wa ethi. Huweza kuwaka vizuri juu ya muungano ulioliwa na kutu. Ubovu huo hujitokeza baadaye, rezista inapoongezwa.

Hatua ya sita: Kutofautisha fyuzi na flasha. Katika magari mengi indiketa na hazadi hutumia flasha moja lakini fyuzi mbili tofauti. Hazadi ikifanya kazi na indiketa zikakataa, flasha si mbovu. Fyuzi ya indiketa au swichi ya usukani ichunguzwe kwanza.

TAA ZA PANDE ZOTE KUWAKA PAMOJA

Hitilafu hii huwashangaza wengi, nayo huonekana zaidi katika pikipiki na magari ya zamani. Dereva huwasha indiketa ya kushoto na zote nne zikapepesa kama hazadi.

Sababu yake iko katika taa ndogo ya dashibodi. Vyombo hivyo huwa na taa moja tu ya kumjulisha dereva kuwa indiketa imewaka, wala si mbili. Taa hiyo imefungwa kati ya waya wa kushoto na waya wa kulia. Indiketa ya kushoto ikiwaka, umeme hupita katika taa ya dashibodi na kurudi ethi kupitia balbu za kulia. Balbu za uzi zinahitaji umeme mwingi ili ziwake, hivyo umeme huo mdogo hupita bila kuonekana. LED huwaka kwa umeme mdogo, hivyo za upande wa pili nazo huwaka.

Dawa yake ni diodi mbili. Waya wa kushoto na waya wa kulia kila mmoja hupewa diodi yake kuelekea kwenye taa ya dashibodi, na ncha ya pili ya taa hiyo hufungwa kwenye ethi. Diodi huruhusu umeme uingie kwenye taa ya dashibodi kutoka upande wowote, lakini huuzuia usivuke kwenda upande wa pili. Diodi za ampia 1, ambazo mafundi wa redio huzitumia kila siku na bei yake ni ndogo, zinatosha. Mwenye bodaboda anayeambiwa anunue taa nyingine nne kwa tatizo hili hana sababu ya kukubali.

DAWA ZA KUPIGA MBIO

Ikithibitika kuwa gari ni zima na tatizo ni uchache wa umeme unaotumika, ziko njia tatu.

(a) Kubadili flasha. Flasha ya LED haitegemei kiasi cha umeme kinachopita katika taa, bali hupepesa kwa kasi ile ile daima. Hii ndiyo njia bora kwa magari yenye flasha inayochomoka, kwa kuwa haiongezi joto wala mzigo kwa alternata. Mambo mawili yaangaliwe. Kwanza, flasha ya LED huhitaji ethi yake yenyewe. Flasha ya zamani yenye miguu miwili haina mguu huo, hivyo waya wa ethi hauna budi kuongezwa. Pili, mpangilio wa miguu hutofautiana. Kwa kawaida herufi B huonesha umeme uingiao, L uendao kwenye taa, na E ethi. Kwenye baadhi ya flasha huandikwa 49, 49a na 31 kwa mpangilio huo. Maandishi ya flasha mpya yalinganishwe na ya zamani kabla ya kuchomeka, kwani kukosea B na E kunaweza kuiunguza flasha au kukata fyuzi. Baadhi ya magari ya Toyota hutumia flasha ya miguu minane, ambayo sharti ibadilishwe kwa ya aina yake.

(b) Kuongeza rezista. Rezista hula umeme ambao balbu ya uzi ingeula, ili flasha idanganyike kuwa balbu ipo. Inayouzwa kwa kazi hii ni ya omu 6 na wati 50. Hufungwa sambamba na taa, ncha moja kwenye waya wa indiketa na nyingine kwenye ethi. Isifungwe katikati ya waya uendao kwenye taa, kwa kuwa hapo haiongezi matumizi ya umeme na mbio zitabaki zile zile. Kwa kawaida kila LED iliyochukua nafasi ya balbu ya wati 21 huhitaji rezista yake, ingawa baadhi ya flasha hutosheka kwa moja kila upande.

(c) LED zenye rezista ndani. Hizi hufungwa bila kuongeza waya. Zinafaa kwa magari mapya yasiyo na flasha, ambamo kompyuta ya gari ndiyo inayopepesa taa na kukagua balbu. Ubaya wake ni kwamba joto la rezista hukaa ndani ya taa yenyewe na kuifupishia LED maisha.

HATARI YA MOTO

Rezista inastahili maelezo ya pekee. Gari likiwa limewaka, umeme wake hufika volti 13.8 au zaidi. Kwa kipimo hicho, rezista ya omu 6 hutoa joto la wati 32 hivi kila taa inapowaka. Hilo ni joto kubwa kuliko la balbu iliyoondolewa, nalo limekusanyika katika kipande kidogo cha metali. Gari lililoharibika njiani na kuachwa na hazadi kwa nusu saa huweza kuifikisha rezista kwenye joto linalozidi la maji yanayochemka.

Kwa hiyo rezista ifungwe kwa skrubu kwenye chuma cha bodi, kamwe isining'inizwe kwenye waya wala kugusa plastiki, zulia au tangi la mafuta. Waya uunganishwe kwa kulehemu kwa risasi au kwa viungo vya kubana. Kusokota waya na kuufunga kwa tepu ya umeme peke yake kunalegea upesi katika njia yenye mtikisiko, na muungano uliolegea huzaa cheche na joto.

Onyo kubwa zaidi linahusu magari ya volti 24. Malori, mabasi madogo mengi, na baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 24. Rezista ya omu 6 iliyokusudiwa gari la volti 12, ikifungwa katika gari la volti 24, hutoa joto la wati 96, takriban mara mbili ya uwezo wake. Itaungua, na huenda ikaunguza kilicho karibu. Kuona betri mbili hakutoshi kujua, kwa kuwa katika baadhi ya magari betri mbili hufungwa sambamba na kubaki volti 12. Kipimo cha mita ndicho cha kutegemewa.

KENGELE INAYONYAMAZISHWA

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba dawa zote hizi huinyamazisha kengele ya balbu iliyokufa. Flasha ya LED haipimi umeme, hivyo haitabadilika hata taa ya nyuma ikifa. Rezista nayo huendelea kula umeme hata kama LED iliyo kando yake imekwisha, na flasha itaamini kuwa mambo ni sawa. Dereva ataona mshale wa dashibodi ukipepesa vizuri, ilhali nyuma ya gari hakuna ishara yoyote.

Dereva anayeliacha gari lipige mbio bila kulirekebisha naye yuko katika hali hiyo hiyo. Akishazoea kasi hiyo, hataitambua siku ambayo taa itakufa kweli.

Katika njia ya Idodi jambo hili lina uzito wa pekee. Wakati wa kiangazi gari lililo mbele hujifunika kwa vumbi, na anayetaka kulipita hutegemea nukta moja ya mwanga wa machungwa kujua kama litakata kulia. Huko Kitonga na katika barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, dereva wa lori huwasha indiketa ya kulia kumwonya aliye nyuma asipite, na ya kushoto kumjulisha kuwa mbele ni kweupe. Hiyo ni desturi ya madereva wala si dhamana, na anayepita bado anapaswa kujionea mwenyewe. Hata hivyo maisha ya watu hutegemea ishara hiyo kila siku. Indiketa iliyokufa upande mmoja haisemi tu kuwa hakuna ishara. Humfanya mwenzako aamini kuwa gari litakwenda moja kwa moja.

Badala ya kengele iliyopotea, hakuna budi kuwe na jicho la binadamu. Mwenye taa za LED azungushe macho kwenye taa zote kila asubuhi kabla ya safari, hazadi ikiwa imewashwa. Kazi hiyo haizidi dakika moja.

UBORA WA MWANGA

Kupepesa vizuri si kuonekana vizuri. Kioo cha ndani cha taa kilibuniwa ili kutawanya mwanga unaotoka kwenye uzi ulio mahali maalumu. LED ikiwa na vipande vinavyotazama mbele tu, mwanga huonekana kwa aliye nyuma moja kwa moja, lakini aliye pembeni, kama mwendesha baiskeli anayekaribia kupita kushoto, haoni kitu. LED zenye vipande kuzunguka pande zote ni afadhali.

Rangi nayo izingatiwe. Indiketa ni ya rangi ya machungwa. LED nyeupe nyuma ya kioo cha machungwa hutoa rangi iliyofifia. LED ya machungwa ndiyo inayofaa. Jaribio la mwisho lifanywe saa sita mchana, jua likiwa kali: mtu asimame hatua 30 nyuma ya gari, kisha pembeni yake, na aweze kusema bila kusita ni upande gani unaopepesa. Ikiwa anasita, taa hizo hazifai, na balbu za uzi zirudishwe.

KWA WAKAZI WA VISIWANI

Vumbi na mtikisiko wa Idodi ni nadra Unguja na Pemba, lakini hewa ya chumvi ni adui wa namna yake. Soketi za taa hufanya kutu ya kijani, na ethi hulika upande wa chini wa bodi. Wenye magari wanashauriwa kuzisafisha soketi kwa msasa laini, kuzipaka grisi ya umeme kidogo, na kuhakikisha kuwa mpira wa kuzuia maji katika taa haujapasuka. Kwa kuwa LED huficha ethi mbovu, kipimo cha hatua ya tano kisiachwe.

WAJIBU WA WATUMISHI NA WANANCHI

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, inayotumika Bara, inamtaka dereva atoe ishara kabla ya kugeuka au kubadili mwelekeo. Zanzibar ina sheria yake ya usafiri wa barabarani yenye wajibu kama huo. Kuwa taa zilibadilishwa na fundi hakumwondolei dereva dhima.

Gari la Serikali ni mali ya umma. Mtumishi aliyekabidhiwa gari hana mamlaka ya kulibadilishia taa kwa hiari yake. Kwa upande wa Bara, matengenezo ya magari ya Serikali ni kazi ya Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), ulioanzishwa mwaka 2005. Hitilafu iandikwe katika kitabu cha gari siku ile ile inapoonekana, ikitajwa upande, kasi iliyohesabiwa, na kama hazadi inafanya kazi. Maelezo mafupi kama hayo humwokolea fundi muda mwingi kuliko maneno "indiketa mbovu".

Kwa muhtasari, wananchi na watumishi wanakumbushwa yafuatayo:

1. Indiketa ipepese kati ya mara 60 na 120 kwa dakika.
2. Balbu za zamani zirudishwe kwa majaribio kabla ya kununua kifaa chochote.
3. Volti za gari zipimwe kabla ya kufunga LED, flasha au rezista.
4. Rezista ifungwe kwenye chuma, mbali na plastiki na mafuta.
5. Pikipiki inayopepesa pande zote mbili ichunguzwe taa ya dashibodi kwanza.
6. Taa zote zikaguliwe kila siku, kwa kuwa LED iliyorekebishwa haitoi onyo inapokufa.
7. Indiketa zikikataa njiani, dereva apunguze mwendo, atumie ishara ya mkono, na asigeuke mahali penye vumbi au kona hadi ahakikishe kuwa aliye nyuma amemwona.